Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kumbi za Jamii za Eastlands

KWA: Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, idara inayosimamia kumbi za jamii
NAKALA: Kituo cha Utamaduni cha Kenya
KUH: TAMTHILIA YA MUZIKI MITAANI

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambamo kisa husukumwa mbele na maneno, wimbo na dansi kwa pamoja. Wimbo hauji kupamba. Mhusika huimba pale maneno ya kawaida yanapomwishia, na wimbo ukikoma jambo fulani huwa limebadilika: mtu ameamua kuhama nyumbani, wapenzi wamekosana, umati umekubali kugoma. Kipimo chake ni chepesi. Wimbo ukiondolewa na kisa kisipungue, huo ni mchezo uliotiwa nyimbo tu. Aliyekua akisikiliza ngano hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa fanani hufika mahali akaimba na hadhira ikaitikia, na mara nyingi ni katika wimbo huo ndipo zimwi hutambuliwa au mtoto aliyepotea hujulikana aliko.

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, sanaa hii ina mashabiki vijana ambao wengi wao hawajawahi kuiona jukwaani. Wanaijua kwa filamu na kwa simu. Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilianza katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ikawa filamu mwaka 1992, na tangu hapo imeonyeshwa shuleni Kenya miaka nenda miaka rudi, hata mwanafunzi aliyezaliwa muda mrefu baada ya ubaguzi wa rangi kukomeshwa huimba nyimbo zake bila kubabaika. Baada yake huja The Lion King, kisha Hamilton, zote zikionjwa kwa vipande vya dakika chache kulingana na bando lililobaki. Shabiki wa namna hii huanza kwa kuimba. Kisha huuliza nani aliyetunga, nani aliyepanga dansi, kwa nini wimbo fulani umewekwa mwisho wa sehemu ya kwanza na si mwanzo wa ya pili. Hatimaye hutaka kukaa kwenye kiti, taa zizimwe, na watu wa kweli waimbe mbele yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Vipaji havina upungufu. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927 na lile la drama za shule tangu 1959, na kwa pamoja yamewafunza Wakenya wa vizazi kadhaa kusimama jukwaani, kupaza sauti bila kipaza sauti na kucheza kwa mpangilio. Ngoma ya ubunifu inayoshindaniwa katika tamasha la drama inakaribia sana kuwa tamthilia fupi ya muziki: ina kisa, wimbo, maleba, dansi na kiini kimoja kinachoshikilia vyote. Nje ya shule, kwaya za makanisa hufanya mazoezi kila wiki, na vijana wanaojua kuimba kwa sauti nne wanapatikana karibu kila kona. Korogocho ina kundi la Ghetto Classics, la shirika la Art of Music lililoanzishwa na Elizabeth Njoroge, ambalo limewafundisha watoto wa eneo hilo kupiga vayolini, tarumbeta na saksafoni, jirani kabisa na jaa la Dandora. Dandora yenyewe ndiyo iliyowatoa Kalamashaka, waliofanya rapu ya Kiswahili iheshimiwe nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtaa wa California, Eastleigh, ulikuwa na studio ya Calif Records, na Umoja ikatoa kundi la Ethic wakati muziki wa gengetone ulipoibuka mwaka 2018. Mahali penye waimbaji wa kwaya, wapiga vayolini, wachezaji na marapa ndani ya umbali wa matatu moja pana kila kitu kinachohitajika katika tamthilia ya muziki, isipokuwa paa la kuvikusanya.

Kijana akimaliza Kidato cha Nne, jukwaa la shule humfungia mlango. Anayetaka kuendelea mara nyingi hujiunga na vikundi vinavyozunguka shuleni vikiigiza vitabu teule vya fasihi. Kazi hii haisifiwi inavyostahili: imewalisha waigizaji wengi wa Eastlands, na imewafunza kuigiza mchana kweupe, katika bwalo la chakula, mbele ya wanafunzi mia kadhaa wasio na subira. Hata hivyo ina mipaka. Kitabu huchaguliwa na wengine, muziki huwa kidogo, na mwigizaji hurudia mchezo uleule hadi silabasi ibadilike. Zaidi ya hayo, KCSE, yaani mtihani wa Kidato cha Nne, unatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na soko lililojengwa juu yake litalazimika kujipanga upya.

Mtaala mpya umefungua upande mwingine. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipangiwa kuanza mwaka 2026, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni ya sanaa na michezo, ambamo mna muziki na dansi, na pia uigizaji na filamu. Serikali imekubali kwa maandishi kwamba mtoto anaweza kusomea jukwaa kama mwenzake anavyosomea kemia. Mtoto wa kemia atahitaji maabara. Wa uigizaji atahitaji ukumbi, na shule nyingi za kutwa za Eastlands hazina ukumbi wa aina yoyote.

Suala la nani apewe ukumbi si geni Nairobi. Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, mkabala na hoteli ya Norfolk, na kwa muda mrefu ulitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu waliocheza michezo iliyotoka London na New York. Uhuru haukubadilisha ratiba upesi. Mwaka 1976, waigizaji walipokuwa wakijiandaa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos, waliomba siku za kuonyesha The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Walipata siku chache tu, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshatengewa maonyesho ya kigeni. Mojawapo lilikuwa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, tamthilia ya muziki ya Stephen Sondheim iliyotoka Broadway mwaka 1962. Mpenzi wa sanaa hii hana budi kulimeza hilo: kazi nzuri kabisa ya aina anayoipenda ndiyo iliyotumika kumbana Kimathi. Sondheim hana kosa. Aliyeandika ratiba ndiye aliyeamua nani mwenyeji na nani mgeni. Ngũgĩ alisimulia jinsi usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi watazamaji walivyoinuka, wakaungana na waigizaji kuimba na kucheza, wakatoka nao hadi barabarani.

Mwaka uliofuata jibu lilitoka kijijini. Wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga wenyewe jukwaa la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo za arusi, za kazi, za kanisa na za vita vya ukombozi. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wazee waliwasahihisha waandishi kuhusu maneno na nyimbo, na kufikia siku ya ufunguzi, Oktoba 1977, kijiji kizima kilikuwa kimeshakuwa na sehemu katika utunzi. Mwezi uliofuata mchezo ulipigwa marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilileta Maitũ Njugĩra, safari hii kazi ya muziki waziwazi, yenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Kilinyimwa Ukumbi wa Kitaifa, kikahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakamiminika kutazama mazoezi, kwa kuwa onyesho lenyewe halikuruhusiwa. Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa mwaka huohuo.

Historia hii huelezwa zaidi kama ya siasa, na ni kweli. Lakini ina somo la kiufundi ambalo wasimamizi wa kumbi wanapaswa kulijua. Tamthilia ya muziki hukua katika mazoezi. Mchezo wa maneno matupu unaweza kuandaliwa na watu wanne sebuleni kwa wiki chache. Wa muziki unadai waimbaji wajifunze sauti zao peke yao, wachezaji hatua zao peke yao, bendi ijue mahali pa kusubiri, kisha wote wakutanishwe na kuanza upya, kwa kuwa anayeimba vizuri akisimama hukatika pumzi akicheza. Kazi hiyo huchukua miezi. Kamĩrĩĩthũ ilifaulu kwa sababu mahali pa mazoezi palikuwa pake na palikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Nchi jirani zina mfano wao: Byron Kawadwa wa Uganda aliandika Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa muziki wa Kiganda wa mwaka 1971 uliokwenda FESTAC mwaka 1977, akiwa na Ukumbi wa Kitaifa wa Kampala kama makao ya kazi yake. Aliporejea kutoka Lagos aliuawa na utawala wa Idi Amin. Jukwaa ni mahali penye uzito, na watawala wa enzi zile walilijua hilo kuliko wengi wa leo.

Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani mwezi wa Mei 2022, safari hii Nairobi, katika Ukumbi wa Kitaifa uleule, ikaigizwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu na Nairobi Performing Arts Studio chini ya uelekezi wa Stuart Nash. Kundi hilo limezoesha watazamaji wa mjini tamthilia kubwa za muziki, Sarafina! ikiwemo. Upande wa kazi zilizotungwa hapa, jina linalotangulia ni Eric Wainaina. Mo Faya yake inasimulia habari za Kwa Maji, kijiji cha kubuni cha mabanda jijini Nairobi, ambako mtangazaji wa redio anayeitwa Lwanda anapambana na wanaoinyemelea ardhi. Jina hilo linamkumbusha kila Mkenya shujaa wa Waluo, Lwanda Magere, ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Mwaka 2009 mchezo huo ulifika katika tamasha la tamthilia za muziki la New York. Mwaka 2018 ikafuata Tinga Tinga Tales, aliyoitungia muziki, iliyochezwa katika Ukumbi wa Kitaifa na pia katika New Victory Theater ya New York. Wainaina na Sheba Hirst wameanzisha vilevile Nairobi Musical Theatre Initiative, mpango wa kuwalea waandishi na watunzi wa tamthilia mpya za muziki.

Mo Faya inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa inaonyesha kazi ya aina hii inavyoweza kuzungumza na mtaa. Kisa chake kinahusu kufukuzwa kwenye makazi, jambo ambalo familia nyingi za Eastlands zimelipitia au zinaliogopa. Lugha yake ni ya Nairobi. Muziki wake ni ule ambao kijana wa mtaani anausikia kwenye matatu, lakini umepangwa ili ubebe wahusika. Kadhalika mahali ulipochezwa palikuwa na maana: kituo cha GoDown, kilichofunguliwa mwaka 2003 katika Barabara ya Dunga, Industrial Area, kilifikika kwa miguu kutoka Makongeni, Mbotela na Kaloleni. Kilipoondoka hapo kupisha ujenzi mpya, upande huo wa jiji ulipoteza jukwaa lake la karibu zaidi. Sarakasi Dome iko Ngara, Alliance Française na Ukumbi wa Kitaifa ziko katikati ya jiji. Hakuna ukumbi hata mmoja kati ya hizo ulio mbali kwa mwenye gari.

Asiye na gari hupiga hesabu nyingine. Onyesho la jioni likianza saa kumi na mbili na nusu, humalizika karibu saa tatu usiku au baadaye. Abiria wa Kayole, Umoja au Dandora hapo anahitaji kuvuka jiji hadi kituo cha matatu na kupanga foleni, na mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo kwa amri ya makanga. Kwa msichana wa miaka 17, mzazi hukataa kabla hata bei ya tiketi haijatajwa, na mzazi huyo hana makosa. Ndiyo maana hoja inayosikika kila mara kwamba vijana wa Eastlands hawaji kwenye tamthilia kwa sababu hawaipendi haina msingi. Wakipewa onyesho la saa nane mchana siku ya Jumamosi, katika ukumbi ambao wanaweza kurudi nyumbani kwa miguu kabla ya giza, ndipo mapenzi yao yatapimwa kwa haki.

Kumbi za aina hiyo zipo tayari. Serikali ya ukoloni ilipojenga mitaa ya wafanyakazi Waafrika iliweka na kumbi za jamii, Pumwani kwanza, Kaloleni baadaye, kisha nyingine kadiri jiji lilivyoenea mashariki. Nia yake haikuwa sanaa. Ilitaka wafanyakazi watulie baada ya kazi. Wenyeji walizitumia walivyotaka: dansi za wikendi, sinema, mikutano ya vyama vya wafanyakazi, ndondi. Ukumbi wa Kaloleni ulivuma hata ukapachikwa jina la bunge la Uingereza, kwa jinsi wanasiasa wa kabla ya uhuru walivyokutana humo. Ndondi zimedumu na zimeipa Kenya mabondia wa kimataifa kutoka mitaa hii, ushahidi tosha wa kile kinachowezekana mahali panapopewa watu walewale, saa zilezile, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi kumbi hutumika pia kwa ibada za Jumapili, harambee, vikao vya matanga na mikutano ya chifu. Yote hayo ni matumizi halali, na hakuna mpenzi wa jukwaa anayetaka matanga yaondolewe ili watu wacheze. Lakini jioni za Jumatatu hadi Alhamisi ni saa ambazo zinaweza kugawanywa.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shughuli za utamaduni, burudani za umma na vifaa vyake ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo ombi hili halihitaji sheria mpya wala kamati ya taifa. Linahitaji kwanza ratiba ibandikwe mlangoni mwa kila ukumbi, ikionyesha saa zilizochukuliwa na zilizo wazi, pamoja na ada inayotozwa na mahali pa kuilipa. Kikundi cha vijana kinachojua kwamba kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, kina ukumbi kwa miezi minne, kinaweza kuandika tamthilia. Kinachoambiwa kirudi kesho kuuliza hakiwezi. Ada ya mazoezi nayo itenganishwe na ada ya arusi, kwa kuwa kikundi cha mazoezi hakiuzi tiketi siku hiyo.

Pili ni ukumbi wenyewe. Si lazima zote zifanyiwe ukarabati kwa pamoja. Ingetosha kuanza na mmoja katika kila kaunti ndogo ya upande huu, yaani Makadara, Kamukunji, Mathare na zile za Embakasi, uliokwisha kuwa na jukwaa lililoinuliwa. Rangi mpya, ambayo ndiyo hutangulia kila mara uchaguzi unapokaribia, haisaidii chochote. Kinachotakiwa ni sakafu isiyoteleza, kwa kuwa vigae vinavyong'aa huvunja miguu ya wachezaji. Nyaya za umeme zinazohimili taa za jukwaani. Mapazia mazito madirishani, bila hayo onyesho la saa nane mchana halina giza. Vyumba viwili vya kubadilishia nguo vyenye kufuli. Na choo kinachofanya kazi. Mapazia hayohayo hupunguza mwangwi, na mwangwi ndio adui mkubwa wa wimbo wenye maneno mengi.

Tatu ni nini kichezwe. Kuna mvuto wa kuanza na kazi maarufu za Broadway, na mashabiki vijana ndio wa kwanza kuutaka. Yafaa waelezwe mapema kwamba tamthilia kamili ya muziki haichezwi kwa leseni ya kawaida ya kupiga muziki ukumbini. Leseni hiyo huhusu nyimbo mojamoja. Mchezo mzima, wenye kisa, maneno na muziki wake, hudai ruhusa kutoka kwa wenye haki au mawakala wao, na malipo hukokotolewa kwa kila onyesho, mara nyingi kwa fedha za kigeni. Kazi nyingine mpya hazitolewi kabisa kwa vikundi vidogo. Kikundi cha Jericho kisichojua hili kinaweza kufanya mazoezi miezi mitatu na kuzuiwa wiki ya mwisho. Kazi iliyotungwa mtaani haina kikwazo hicho, na waandishi wake wakiandikisha haki zao mapema huwa na mali ya kuuza kwa wengine. Kaunti ingefanya vyema kutoa saa za bure kwanza kwa vikundi vyenye kazi mpya, iwe kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha yoyote inayozungumzwa mtaani.

Kituo cha Utamaduni cha Kenya, kinachosimamia Ukumbi wa Kitaifa, kina sehemu yake pia. Kazi zinazochezwa pale kwa wiki moja au mbili mara nyingi huishia hapo. Maleba hukunjwa na waigizaji hutawanyika. Kila mchezo unaopewa nafuu ya ada ungeweza kuwekewa sharti la kuchezwa angalau mara moja Eastlands, alasiri ya Jumamosi, kwa tiketi ya bei ya chini. Mafundi wa taa na sauti wa Ukumbi wa Kitaifa wangekuja siku moja kabla na kuwafundisha vijana wa ukumbi husika jinsi ya kupanga vifaa. Ujuzi huo unafundishika kwa kushika, haufundishiki kwa video, na una ajira nje ya tamthilia: makanisa, mikutano na arusi za jiji hili haziendi bila mtu wa sauti.

Gharama ya saa za jioni ni mshahara wa mlinzi, umeme na mtu mmoja wa kushika ufunguo na daftari la ratiba. Mtu huyo anafaa awe mkazi wa mtaa husika, anayejulikana, na namba yake ya simu ya kazi iandikwe mlangoni chini ya ratiba.

Mpenzi wa tamthilia ya muziki,
Jericho, Nairobi